Kupaka Rangi Bodi ya Faibaglasi

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kumaliza shule,

Wengi wenu mmeniuliza nafanya kazi gani huku Uingereza tangu nilipoondoka Kampala. Napaka rangi magari. Lakini siku tisa katika kumi nashika msasa, wala sishiki rangi. Leo nitawaeleza sababu yake.

Huku wako watu wanaojiundia motokaa zao nyumbani. Hununua vipande, wakatia injini ya gari kuukuu. Desturi hii ni ya zamani. Lotus Seven, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, wengi waliinunua ikiwa vipande, kwa kuwa haikutozwa kodi iliyotozwa magari mazima. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973 kodi ilipobadilishwa, lakini desturi ilibaki.

Bodi nyingi za magari haya si za bati. Ni za faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini. Fundi hupaka kalibu nta ili bodi isigande ndani yake. Kisha hupaka tabaka ya nje iitwayo jelikoti, ndipo hulaza nyuzi na rezini juu yake. Bodi hutoka iking'aa, hata asiyejua hudhani imekwisha. Kumbe nta ya kalibu imebaki juu yake, nayo haionekani kwa macho.

Mimi niliijua nta hiyo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa bodi ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyeweka akiba miaka sita ili ainunue. Nikaanza kwa msasa pasipo kuosha. Msasa haukuondoa nta; uliisukuma ndani ya mikwaruzo. Nilipopulizia rangi, ilijitenga ikaacha vijitundu vya duara kila mahali, kama macho ya samaki. Mzee alikuja akatazama, asiseme neno. Ilinibidi kuiondoa rangi yote kwa mkono, maana dawa ya kuondolea rangi huweza kuila faibaglasi. Nilifanya kazi hiyo majuma matatu bila malipo.

Basi, utaratibu ulio sawa ni huu:

Kwanza, jaribu kufunga milango, boneti na taa, uone kama vyakaa vizuri. Matundu yote yatoboe kabla ya rangi.

Pili, osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikikauka, ifute kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta, ukibadili kitambaa mara kwa mara.

Tatu, sugua kwa msasa namba 240, kisha 400. Penye maungio ya kalibu pana mstari ulioinuka. Usawazishe, na vijitundu vitakavyofunuka uvizibe kwa puti. Angalia usiimalize jelikoti ukafikia nyuzi. Ukiona ufa mdogo, usiupake rangi juu. Uchimbe mpaka mwisho wake, ndipo uuzibe. La sivyo utatokea tena.

Nne, pulizia praima, na juu yake rangi nyeusi kidogo sana, kama vumbi. Ikikauka, sugua kwa msasa uliofungwa kwenye kibao. Mahali weusi unapobaki pana bonde, na mahali unapotoka upesi pana kilima. Endelea hata uso wote uwe sawa.

Tano, pulizia rangi yenyewe, tabaka nyembamba nyembamba. Lakini jihadharini: rangi nyingi za magari zinazochanganywa na kigumisho zina isosianeti, sumu iwezayo kumtia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haitoshi. Sisi huvaa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Mzee alipokuja mara ya pili, alipitisha kiganja juu ya boneti toka mbele hata nyuma, akacheka. Mwaka jana alinipigia simu kuniambia kwamba rangi ingali nzima.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kama yuko kati yenu apendaye kazi hii, na aje. Ila asiudharau msasa.