Mtoto Aitwaye kwa Jina Lake

Leo twafungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya tisa. Kama una Biblia karibu, ifungue tuwe pamoja; kama huna, sikiliza tu, maana habari yenyewe ni fupi.

Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, yaya wake alimwangusha katika haraka ya kukimbia, akalemaa miguu yote miwili. Baba yake na babu yake walikuwa wamekufa vitani. Akakaa katika nyumba ya mtu mwingine huko Lo-debari, mpaka siku ile Daudi alipomtafuta kwa ajili ya Yonathani, baba yake. Mfalme akamwita kwa jina. Naye alijibuje? Alijilinganisha na mzoga wa mbwa. Wala hakuna aliyemtukana hivyo siku hiyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Sisi tunaofundisha watoto kanisani twakutana na jambo hili mara nyingi. Mtoto ukimwuliza swali hutazama chini. Ukimpa kalamu husema, "Mimi siwezi," kabla hata hajajaribu. Umaskini hauishii tumboni. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila mara kwa kukosa sare au pesa za mtihani, mwishowe huanza kuamini kwamba mahali pake ni nje ya mlango.

Ndiyo sababu twataka kusema habari za kufadhili watoto. Mpango huu ulipata nguvu huko Korea wakati wa vita. Mnamo 1952 mhubiri Mmarekani, Everett Swanson, alikwenda kuwahubiria askari, akaona watoto yatima wengi barabarani. Aliporudi kwao akaanza kuchanga fedha, na kutokana na kazi hiyo likatokea shirika liitwalo sasa Compassion, ambalo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, nalo limekuwa hapa Kenya tangu 1980. Mtu aliye mbali hutoa fedha kila mwezi kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye anajua jina lake na ana picha yake. Mtoto husaidiwa masomo, chakula na matibabu, hufundishwa Neno la Mungu, na wawili hao huandikiana barua.

Je, jambo hili lafaa kweli, au ni maneno matamu tu? Mtaalamu wa uchumi Bruce Wydick na wenzake walichunguza. Waliuliza habari za watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, wakawalinganisha waliofadhiliwa na ndugu zao waliokosa nafasi kwa sababu umri wao ulikuwa umepita mpango ulipoingia kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliofadhiliwa walikuwa wamesoma kwa mwaka mmoja hivi hadi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi, na wengi zaidi wao walimaliza shule ya sekondari.

Lakini karo peke yake haielezi yote. Basi wakaenda Jakarta, Indonesia, wakawapa watoto 540 penseli za rangi, wakawaambia, Jichore mwenyewe ukiwa katika mvua. Mtoto asiyeweza kusema yaliyo moyoni huyachora. Picha za waliofadhiliwa zilionyesha furaha zaidi, na moyo wa kuamini kwamba "naweza"; na kule kukata tamaa kulikuwa kumepungua kuliko yote. Ni kweli uchunguzi huo ulihusu shirika moja, wala hatusemi kwamba kila mpango wenye jina kama hilo huzaa matunda hayo.

Moyo huo hutoka wapi? Tufikiri juu ya barua. Mtu asiye jamaa yako, asiyekudai wala kudaiwa nawe, amekuuliza wapenda nini. Sasa yakupasa kujibu. Mtoto hukaa na karatasi yake, akatafuna kalamu, akaandika kwamba ana mbuzi wawili, kwamba ni golikipa, kwamba somo la hesabu linamshinda lakini anapenda kuimba. Hapo ameanza kujiona kuwa ni mtu mwenye habari za kusimulia. Na Jumamosi mwalimu akimwuliza, "Yule mbuzi alizaa?" mtoto hujua kwamba kuna mtu anayekumbuka. Wafadhili wasiojibu barua huumiza watoto kuliko wanavyodhani.

Hata sisi tumewaumiza. Siku moja kanisa letu lilipata wageni, nasi tukawapanga watoto mbele, wote wamevaa sweta mpya za rangi moja. Mzee mmoja akawatangaza kwamba hawa ndio maskini wetu. Watu wakapiga makofi. Msichana mmoja alijificha nyuma ya mwenzake, akaufunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Jumamosi tatu hakuja. Tulipokwenda kwao, mama yake alitutolea ile sweta imekunjwa vizuri, akasema, "Mtoto amesema afadhali baridi."

Hatukuwa na la kumjibu mama yule. Daudi hakumsimamisha Mefiboshethi uani ili watu wamtazame. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pamoja na wana wa mfalme. Na mtu akiketi mezani, miguu yake haionekani. Tangu hapo twawaita watoto wote kwa daftari moja, waliofadhiliwa na wasiofadhiliwa, na mgeni akitaka kuwaona huketi nao sakafuni awasikilize.

Yabaki jambo moja linalotusumbua. Wale ndugu waliokosa nafasi walikuwa kipimo cha wachunguzi, lakini kwetu ni watoto wanaosimama langoni. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa akimleta mdogo wake kila Jumamosi, kisha akingoja nje mpaka saa ya kutoka. Hakuna barua itakayomfikia kutoka ng'ambo. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alimtazama majuma mengi, hatimaye akaenda langoni, akamwuliza, "Wewe waitwa nani, mwanangu?" Kijana akataja jina lake kwa sauti ndogo, hata ikambidi alirudie. Sasa ndiye anayefungua madirisha ya kanisa kabla wenzake hawajafika, na ufunguo twamwachia yeye.