Steringi Hafi, Meli Hufa

Meli kumi za kivita zimekizingira kisiwa cha Enies Lobby na kukimiminia mizinga. Luffy, nahodha kijana mwenye kofia ya majani, amelala chali darajani. Amemshinda adui yake mkubwa, lakini mwili umegoma, hata kidole hakinyanyuki. Wenzake wamebanwa kila upande na meli waliyotegemea kuondokea imeshalipuliwa. Ghafla sauti inawaita kutoka baharini na kuwaambia waruke. Wanachungulia chini, na kumbe ni Going Merry, meli yao ya zamani yenye kichwa cha kondoo mbele. Haina nahodha wala baharia. Imekuja peke yake.

Wapenzi wa hadithi ya katuni ya One Piece hawachoki kulirudia tukio hilo. Mtu anaweza kusahau nani alipigana na nani katika kisiwa kile, lakini hasahau meli ile ilivyotokea. Kinachofuata ndicho kinachowatoa machozi. Baada ya kuwavusha wote salama, Merry inapasuka katikati. Mabaharia wanashuka kwenye mashua ndogo, Luffy anaitia moto kwa mkono wake, na theluji inaanguka juu ya maji huku meli ikiwaomba radhi kwa kushindwa kuwapeleka mbele zaidi. Katika anime ni kipindi cha 312. Kwa wengi, ndicho kipindi walichokitazama mara nyingi kuliko vingine vyote.

Mchoraji wa One Piece ni Eiichiro Oda, Mjapani aliyeanza kuichapisha hadithi hii katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Julai 1997. Anime yake ilianza kurushwa Oktoba 1999. Kufikia mwaka 2022 nakala za vitabu vyake zilikuwa zimepita milioni 500 duniani. Netflix ilipotengeneza mfululizo wa waigizaji halisi, uliotoka tarehe 31 Agosti 2023, kazi ilifanyika Cape Town, Afrika Kusini, na Merry ikajengwa huko. Kwa hiyo meli hiyo nayo ina kwao Afrika. Mwaka 2025 bendera ya Luffy ya fuvu lenye kofia ilipeperushwa na vijana waandamanaji wa Indonesia na Nepal, na wale wa Madagaska wakalivisha fuvu hilo kofia ya kwao.

Lakini kuna njia nyingine ya kuipima hadithi, nayo ni kuitazama pamoja na watu ambao tayari wana desturi yao ya kusimulia na kusikiliza. Ufipa, huko Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kufanya hivyo.

Chukulia mji mdogo wa Kasesya. Uko mpakani, wilayani Kalambo mkoani Rukwa. Ukitoka Sumbawanga unapita Matai, makao makuu ya wilaya, kisha unateremka hadi kwenye geti la forodha linalotazamana na Zambia. Walungu na Wamambwe wanaishi pande zote mbili, na mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza haukuwahi kukata undugu wao. Mto Kalambo, wenye maporomoko yanayoshuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, ni sehemu ya mpaka huohuo. Hata umeme uliowasha taa na televisheni za Sumbawanga kwa miaka mingi ulinunuliwa kutoka Zambia.

Katika miji midogo ya namna hii filamu haikuwahi kuwa jambo la mtu mmoja na skrini yake. Ilikuwa ni kibanda umiza: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja, jenereta likinguruma nje, na mtoto asiye na pesa ya kiingilio akichungulia kwenye tundu la ukuta. Filamu za Kichina na za Kimarekani zilikuja zimeshatafsiriwa. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliijengea kazi hiyo heshima Tanzania, kama DJ Afro alivyofanya Kenya na VJ Jingo Uganda. Mtafsiri hakukariri maneno ya mwigizaji tu. Alieleza, alionya, alimpa adui jina la mtaani, alimsifu shujaa, na pale mambo yalipokuwa mazito alinyamaza kidogo ili watu wapumue.

Humo ndimo ilimozaliwa kanuni inayojulikana na kila mtoto aliyekulia kibandani: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe kwenye nyumba inayowaka moto, mwisho wa filamu atatoka. Anayelia kwa kumhofia steringi huchekwa.

Kanuni hii ndiyo inayoeleza kwa nini tukio la kutoroka Enies Lobby lina nguvu kiasi hicho kwa watazamaji wa hapa. Mtu aliyelelewa na kibanda umiza hamwogopei Luffy hata kidogo, kwani anajua atatoka. Akili yake ina nafasi ya kuuliza swali zito zaidi: nani atalipa gharama ya kutoka kwake? Oda anajibu waziwazi. Gharama inalipwa na meli, na meli yenyewe ilishakataliwa. Kabla ya hapo mafundi wa mji wa Water 7 walikuwa wameikagua na kutamka kwamba mti wake wa chini umevunjika na haitengenezeki tena. Luffy akaamua kuiacha, mwenzake Usopp akakataa na kuondoka kundini, kisha marafiki hao wawili wakapigana. Fundi mkuu wa mji, Iceburg, akaikuta ufukweni, akaigongagonga misumari kwa huruma, mawimbi ya dhoruba yakaichukua. Chombo kilichotupwa ndicho kinachorudi kuwaokoa waliokitupa. Katika kazi nzima ya Oda ni vigumu kupata kurasa zilizopangwa vizuri kuliko hizo.

Siku hizi vibanda vimepungua. Vijana wanachomewa muvi na katuni kwenye flashi au kadi ya simu kwa wenye kompyuta, au wanachangiana bando, mmoja anashusha na wengine wanarushiwa. Desturi ya kutazama kwa pamoja haijafa hata hivyo. Simu moja huegemezwa kwenye kioo cha bodaboda, vichwa vitano vinakusanyika, na aliyeshaiona anageuka mtafsiri. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini hayamsumbui, kwani anaeleza kwa Kiswahili chake, anasimamisha picha, anarudisha nyuma, anawaambia wenzake watulie kwanza, jambo lenyewe linakuja. Jirani akiuliza kwa nini meli inaongea, hujibiwa kwa subira kwamba chombo kilichopendwa sana huwa na roho.

Jibu hilo halimshangazi mtu wa Ufipa. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kwa Wafipa miaka ya 1960, alikusanya hadithi zao za jioni na kuzitolea kitabu mwaka 1978. Katika masimulizi ya aina hiyo wanyama hunena na miti huitika, na kisa hakisimuliwi kwa watu wanyamavu: wasikilizaji huitikia, huimba kiitikio, humsahihisha msimuliaji akikosea. Kisa kikubwa kuliko vyote, kile cha kuingia kwa utawala wa ukoo wa Watwa, kinahusu wanawake watatu wageni waliofika Milansi, makao ya mtawala wa awali, mtawala huyo akiwa mawindoni. Aliyebaki nyumbani akawapa kigoda cha utawala, na mtawala aliporudi nchi ilikuwa imeshakwenda. Historia nzima ya Ufipa inageuka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa mlangoni.

Mlango ndio kiini cha tukio lingine la kutoroka ambalo mashabiki hulishindanisha na lile la Merry. Luffy ameingia Impel Down, gereza lililojengwa chini ya bahari, kumtafuta kaka yake Ace. Anachelewa, Ace ameshapelekwa kuuawa, na sasa Luffy na zaidi ya wafungwa 200 wamepora meli ya kivita wakikimbia. Mbele yao yako malango makubwa yanayofunguliwa kwa amri ya wakuu wa gereza tu. Yanafunguka. Wakishapita ndipo Jinbe, mmoja wa wafungwa hao, anapomweleza Luffy sababu: Bon Clay, mwenye uwezo wa kuchukua sura ya mtu yeyote, amebaki ndani akiwa na sura ya mkuu wa gereza, Magellan, ili atoe amri hiyo. Luffy anamlilia kwa simu ya konokono, na wafungwa wote wanapiga kelele za shukrani huku malango yakijifunga. Upande wa pili Bon Clay amesimama mbele ya Magellan mwenyewe. Hii ilikuwa mara ya pili kujitoa hivyo, kwani mapema zaidi katika hadithi, kule Alabasta, alishawavuta wanamaji wamfuate yeye ili marafiki zake wapite.

Lipi kubwa kati ya hayo mawili? Wanaompenda Bon Clay wanasema yeye ni mtu, alichagua akijua. Wanaoshikilia Merry wanasema meli haikuwa na deni kwa mtu yeyote. Kwa mizani ya haki Bon Clay anastahili sifa zaidi. Kwa mizani ya machozi Merry inashinda, na kwa watu wa Rukwa ina sababu ya ziada ya kushinda: wao wanayo meli yao.

Meli hiyo ni MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma, na ikashushwa majini Februari 1915. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowageukia Wajerumani, mafundi waliokuja nayo kutoka kiwandani waliamriwa kuizamisha. Waliipaka injini yake grisi nzito kabla ya kuiacha iende chini, tarehe 26 Julai 1916, wakitumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na injini ikakutwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari upya, ikiitwa Liemba, jina la ziwa lenyewe katika kinywa cha watu wa kusini. Mtu asiyejua historia hii akisimuliwa, atadhani ni Oda aliyeitunga.

Kasanga, bandari ya Kalambo, nayo ina kisa chake cha kutoroka. Wajerumani waliiita Bismarckburg na kujenga ngome hapo. Juni 1916 majeshi ya Uingereza yalikuja kwa nchi kavu, na boti zao za kivita zikawa tayari zimefika ziwani. Kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, hakuishambulia ngome. Askari waliokuwa ndani wakapanda mashua na kupotelea ziwani. Kikosi cha nchi kavu kiliingia na kukuta ngome imehamwa.

Ila tukio linalolingana kabisa na lile la Merry ni la karibuni zaidi. Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha mkoa wa Kigoma kilichobanwa kati ya ziwa na milima mikali. Hapakuwa na barabara ya gari, maji safi hayakutosha, na kipindupindu kikazuka na kuua. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Liemba ikaitwa. Kagunga haina gati, hivyo meli ilitia nanga mbali na ufukwe, na mashua za wavuvi zikawapeleka akina mama, watoto na wagonjwa hadi ubavuni mwake, wakapandishwa kwa mikono. Takriban watu 600 walibebwa kwa safari moja kuelekea Kigoma, kisha meli ikarudi kuchukua wengine. Wakati huo chuma chake kilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 100. Mwaka 1997 pia ilisaidiana na meli nyingine kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000.

Upandaji ule wa Kagunga si jambo geni kwa wakazi wa mwambao. Ndivyo Liemba ilivyopokewa miaka nenda rudi katika vijiji visivyo na gati: honi inalia gizani, mitumbwi inashindana kuifikia, magunia ya dagaa yanapanda na mikungu ya ndizi inashuka, mama mwenye mtoto mgongoni anashikwa mkono na mtu asiyemjua. Hakuna anayeuliza jina kwanza. Mkono unanyooshwa, unashikwa, unavutwa. Katika kurasa za Oda, Robin, mmoja wa kundi la Luffy, anachipuza mikono kila mahali na kumrusha Luffy baharini kuelekea kwenye meli. Aliyewahi kupanda Liemba kutoka mtumbwini anaelewa tukio lile bila kusimuliwa.

Liemba iliacha safari zake za kawaida ikisubiri matengenezo makubwa, na watoto wengi wa Kalambo wanaijua Merry kwa undani kuliko wanavyoijua meli ya bibi zao. Si kosa lao. Oda ameichora yake, sisi yetu hatujaichora vya kutosha. Na si kwamba nchi hii haina wachora katuni: jarida la Sani lilisomwa na kuazimwa nyumba kwa nyumba, na wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili walijulikana kama watu wa mtaani. Kijana wa Kasesya au Sumbawanga anayeweza kunakili kofia ya Luffy bila kuangalia kitabu anao mkono wa kutosha kuchora mafundi wale wakipaka grisi, askari wakitoroka Kasanga, na mashua zikipakia watu Kagunga. Wazee waliosafiri na meli ile bado wapo Kasanga, Kirando na Kipili. Aende na daftari, awaamkie, akae chini awaulize: walipandaje, nani aliwashika mkono, nani aliachwa ufukweni. Kisha achore.