Kutafsiri Programu ni Kazi ya Timu

Hapa Awindiri, mjini Arua, mwanafunzi husikia Kiswahili cha Kongo, cha sokoni na cha vitabuni. Je, programu ya kompyuta itumie kipi?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo inatufunza mambo matatu.

Kwanza, ubora. Mfasiri mmoja akiandika “futa” kwa maana ya kuondoa faili, na mwenzake akaandika “futa” kwa maana ya kughairi, mwanafunzi anayetaka kughairi tu anaweza kupoteza insha yake yote. Kwa hiyo faharasa moja hutangulia, tafsiri hufuata, kisha watumiaji hujaribu.

Pili, mabadiliko. Istilahi ikibadilishwa, ibadilishwe kwenye menyu na kwenye mwongozo pia, na sababu iandikwe.

Tatu, timu. Frederick Brooks, aliyesimamia mradi wa OS/360 wa kampuni ya IBM, alieleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili; watu 10 wana njia 45.

Walimu wenzetu, tukiwapa wanafunzi zoezi la tafsiri kwa vikundi, wakubaliane istilahi kwanza, ndipo wagawane kurasa. Mmoja wao awe mtunza faharasa.