Saa ya Msikiti Tukuyu: Kipokezi Gani cha Satelaiti Kinatosha?



Tumeulizwa na kijana wetu wa Unguja anayefundisha sekondari wilayani Rungwe. Yeye na wenzake wanataka kuunda saa ya msikiti itakayojirekebisha wenyewe kwa satelaiti, kwa sababu ile ya ukutani imekwenda mbele dakika sita bila mtu kutambua. Anauliza anunue moduli ya bei nafuu au ile ghali iliyoundwa makhususi kwa kushika wakati. Akaongeza jambo la pili, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi: Ramadhani iliyopita baadhi yao walifuturu kwa adhana ya redio ya Zanzibar.

Tuanze na moduli. Kila satelaiti ya GPS imebeba saa za atomiki na hutangaza wakati wake bila kukoma. Kipokezi kikisikia satelaiti nne hujua mahali kilipo na saa ni ngapi, kisha hutoa pigo moja la umeme kila inapoanza sekunde. Pigo hilo huitwa PPS. Hata moduli ya rahisi kama u-blox NEO-6M hupiga pigo hilo kwa kukosea makumi tu ya nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Moduli ghali, mfano NEO-M8T, hutulizwa mahali pamoja, ikajifunza nafasi yake, na baadaye huweza kushika wakati hata kwa satelaiti moja.

Wapo wanaohitaji usahihi huo, na baadhi yao walifika huko huko Rungwe. Baada ya matetemeko ya Karonga, ng'ambo ya mpaka kule Malawi, mwezi Disemba 2009, wataalamu wa mradi wa SEGMeNT waliweka vituo vya kupimia mitetemo kuzunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa na milima ya volkano ya Rungwe, kati ya 2013 na 2015. Mtetemo hupita ndani ya miamba kwa takriban kilomita sita kila sekunde. Saa ya kituo kimoja ikikosea sekunde moja, hesabu ya mahali tetemeko lilipoanzia inaweza kupotea kwa kilomita kadhaa. Muadhini hana haja hiyo. Fedha za waumini zisitumike kununua nanosekunde.

Kwa hiyo nunueni ya rahisi, lakini mtazame mambo haya. Bodi nyingi za NEO-6M zina pini nne tu na PPS haikutolewa nje. Kwa saa ya ukutani zinatosha, ila mkipata yenye pini ya tano ni bora. Moduli inayopokea pia GLONASS, Galileo au BeiDou ina faida mahali penye vilima vinavyoziba sehemu ya mbingu. Antena iwe nje, juu ya paa, kwani chini ya bati haitasikia kitu. Mawingu na mvua ya Tukuyu havizuii mawimbi haya, lakini majani ya migomba yaliyorowa huyadhoofisha. Ongezeni na chipu ya saa yenye betri yake, kama DS3231, ambayo hukosea kiasi cha dakika moja kwa mwaka, ili umeme ukikatika saa isipotee.

Msinunue kipokezi cha zamani kwa sababu tu ni cha bure. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024; ilirudi Aprili 2019, na baadhi ya vipokezi vikongwe vikarudisha tarehe nyuma karibu miaka ishirini. Tarehe ikikosewa, ratiba nzima imekosewa. Tena wakati wa GPS wenyewe uko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18 tangu 2017. Moduli huziondoa yenyewe, lakini ikiwashwa mara ya kwanza ipeni robo saa ndipo muiamini.

Sasa lililo zito. Saa inaweza kuwa sahihi kabisa na Swala ikaswaliwa kabla ya wakati. Tukuyu iko magharibi ya Unguja kwa zaidi ya nyuzi tano na nusu, na kila uzi mmoja ni dakika nne. Kwa wastani jua la Tukuyu huzama dakika 22 baada ya la Unguja: Disemba karibu 28, Juni karibu 17, kwa kuwa Tukuyu pia iko kusini zaidi. Anayebeba kalenda ya ukutani kutoka Darajani akaitundika Tukuyu, basi hata Alfajiri yake ataiswali usiku.

Dawa imo ndani ya moduli hiyo hiyo, maana inatoa na mahali. Ingizeni katika programu ya nyakati latitudo ya takriban 9.25 kusini na longitudo 33.65 mashariki. Moduli huandika herufi S kwa kusini. Programu nyingi hutaka alama ya kutoa. Mkiisahau, Juni na Disemba mtakosea kiasi cha nusu saa. Kisha ongezeni dakika mbili tatu za tahadhari kwa Magharibi. Na jua kufichwa na mlima si kuzama.

Ama waliofuturu kwa adhana ya redio wakidhani wakati umeingia, hawana dhambi In Shaa Allah, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, ikishabainika kuwa jua lilikuwa halijazama, siku hizo watazilipa. Vivyo hivyo Magharibi walizoziswali kabla ya wakati. Asiyekumbuka idadi alipe mpaka aridhike kuwa amemaliza.

Wallahu a'lam.