Papa Katika Nyumba ya Kioo

Mtoto akiona samaki wadogo wakizunguka ndani ya chupa, huuliza: "Je, papa naye hawezi kufugwa hivi?" Swali lake si la kipuuzi. Nchi nyingi zina nyumba za kuonyeshea samaki, na papa wamo. Lakini si kila papa, wala si kila tangi.

Kwanza tufahamu umbile lake. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kiwasaidiacho kuelea. Papa hana. Mafuta ya ini lake kubwa humsaidia kidogo, lakini akiacha kuogelea huzama. Tena papa mweupe hupata pumzi kwa kwenda mbele, maji yaingie kinywani na kupita katika matamvua. Mtie katika tangi dogo: apiga mkia mara mbili tatu, amefika ukutani. Hugeuka, hugeuka tena, mpaka nguvu zamwishia.

Wamarekani walijaribu mara nyingi kumweka papa mweupe. Mwaka 1955 mmoja huko California hakutimiza hata siku moja. Mwaka 1981 mwingine huko San Diego alikaa siku 16 tu.

Mwaka 2004 watu wa Monterey Bay Aquarium, California, walikuja na subira. Walipata papa jike mchanga, urefu mita moja na nusu, aliyenaswa katika nyavu za mvuvi. Hawakumtia tangini mara moja. Walimweka kwanza katika kizimba kikubwa cha nyavu baharini, wakamtazama kama aogelea vema na kula. Ndipo wakamhamishia katika tangi la lita karibu milioni 3.8. Akala, akakua, uzito wake ukazidi mara mbili. Watu karibu milioni moja walikuja kumwona.

Basi, je, walishinda? Kwa kiasi. Mapema mwaka 2005 aliwauma papa wawili wa aina nyingine, nao wakafa. Wenyeji wake wakaona kuwa wakati umefika. Tarehe 31 Machi, baada ya siku 198, walimrudisha baharini. Baadaye waliweka wengine watano, mmoja mmoja, nao wakaachwa huru. Wa mwisho, mwaka 2011, alikufa muda mfupi baada ya kuachwa. Tangu hapo hawakuweka mwingine.

Kumbe hata tangi kubwa namna ile lilikuwa nyumba ya muda tu.

Wapo papa wadogo walalao chini, wawezao kupumua wakiwa wametulia. Hao ndio wafaao zaidi kufugwa, nao wahitaji sakafu pana kuliko maji yenye kina. Atakaye kufuga na aulize kwanza samaki huyu atakuwa na urefu gani akikomaa, ndipo atafute tangi. Papa wa leo aliye sawa na kiganja si papa wa mwaka ujao.