Launjini, Kila Mgeni ni Mwenyeji

Kelele inayochosha watu zaidi katika launji ya uwanja wa ndege hutoka kwenye simu. Mtoto akilia saa nane za usiku, abiria humwonea huruma yeye na mamake, na hakosi mtu wa kumpungia mkono ili anyamaze. Lakini mtu akiweka simu spika na kuanza kutazama video, chumba kizima hukunja uso na hakuna anayetamka neno. Wote hugeuka kuniangalia mimi.

Kazi yangu ni kuhudumia abiria katika launji moja ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kwa ambaye hajawahi kuingia, launji ni ukumbi wa kungojea ndege wenye viti vya kuegemea, chakula, intaneti na, pengine, bafu. Huingia aliyekata tiketi ya daraja la biashara, anayesafiri mara kwa mara na shirika moja, mwenye kadi fulani ya benki, au aliyelipa pale mlangoni.

Nairobi ni njia panda ya safari za Afrika. Kuna wanaotoka Lagos, Kinshasa na Bujumbura wakingoja ndege ya Dubai, Mumbai au Guangzhou. Kuna wa Ulaya ambao ndege zao huondoka usiku. Saa tisa alfajiri, katika safu moja ya viti, utamkuta mfanyabiashara wa nguo, mwanafunzi anayekwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza na mgonjwa anayerudi kutoka matibabuni India. Hawajuani, na kila mmoja amechoka kwa namna yake.

Usiku mmoja, mama mmoja aliyejitanda leso alikaa karibu na dirisha, hakula wala hakulala. Viti viwili kutoka kwake, bwana mmoja alikuwa akitazama mabao ya kandanda, sauti imefunguliwa yote. Nilimwendea nikamwomba apunguze. Akaniambia, "Dada, mimi nimelipa." Nilipompelekea yule mama maji ya moto, ndipo akanieleza kwamba alikuwa akirudi nyumbani kumzika mamake. Yule bwana alisikia. Alizima simu papo hapo, akasimama, akaja kumpa mkono wa pole.

Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Wengi wanaowasumbua wenzao launjini ni watu wema wasiojua aliyeketi kando yao amebeba nini. Nami nawaomba wasisubiri kuambiwa. Kila aliyemo humu amelipa, au amelipiwa. Sambusa na kahawa twaweza kumpa sisi wahudumu. Utulivu hatuwezi kuupika jikoni. Huo hutoka kwa abiria mwenziwe.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Launji ya kwanza ya shirika la ndege ilifunguliwa na American Airlines mwaka wa 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, chini ya rais wake C. R. Smith. Watu waliingia kwa mwaliko. Palikuwa na mwenyeji aliyejua amemwalika nani, na mgeni naye alijua yuko kwa nani. Leo mlango hufunguliwa na kadi. Mpango wa Priority Pass, ulioanzishwa mwaka wa 1992, humwezesha msafiri kuingia launji nyingi duniani bila kujali anapanda ndege ya shirika gani. Ni jambo jema, kwani raha iliyokuwa ya wachache imewafikia wengi. Ila sasa tunao wageni watupu, na mwenyeji hayupo. Wahenga walituambia mgeni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Launjini jembe hilo hutolewa siku ya kwanza, saa ya kwanza.

Jembe lenyewe si zito. Tuanze na simu. Ukitaka kusikiliza chochote, vaa hedifoni, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usikilize simu ikiwa sikioni. Ukipigiwa, toka nje ya launji au nenda kwenye kona iliyotengwa kwa simu. Simu za video ndizo mbaya zaidi, maana jirani yako huonekana nyuma yako akiwa amelala mdomo wazi, na hakuombwa ruhusa.

Kisha viti. Tiketi yako ni ya mtu mmoja, na kiti chako ni kimoja. Mkoba una nafasi yake sakafuni au kwenye rafu. Wakati wa msongamano kabla ya ndege za usiku, nimewaona wazee wakisimama na sahani mkononi huku koti la mtu likiwa limeketi. Soketi nazo ni chache kuliko simu. Simu yako ikifika asilimia ya kutosha kukufikisha uendako, chomoa umpishe mwingine. Kuvua viatu ni adabu nyumbani kwetu pwani, na hata launjini si kosa kwa miguu iliyovimba, ili mradi soksi ni safi na nyayo hazielekezwi usoni mwa mtu.

Kwenye bafe, naomba mtazame jambo ambalo wengi hawalioni, yaani kile kibano cha kuchukulia chakula. Kila sahani ina chake, na kuna sababu. Mtu huchukua soseji, kisha kwa haraka anakirudisha kibano kwenye sambusa za mboga. Kwake ni kosa dogo. Lakini nyuma yake kuna bibi wa Kigujarati anayekwenda Mumbai, ambaye hajagusa nyama maisha yake yote, na kuna Mwislamu asiyejua soseji ile ni ya nini. Nimemwona bibi wa namna hiyo akisimama, akitazama kibano kilichong'aa mafuta, kisha akirudisha sahani yake tupu na kwenda kunywa chai. Tulimletea sambusa nyingine kutoka jikoni, lakini ni wangapi huondoka bila kusema? Rudisha kibano pale ulipokitoa. Chukua unachoweza kumaliza, halafu urudi tena ukitaka, kwa maana chakula cha launji si cha kufungasha.

Bafuni kuna foleni ambayo hatuioni kwa macho. Majina yameandikwa mapokezi, na anayefuata huenda ametoka safari ya usiku kucha na ndege yake inaondoka baada ya saa moja. Oga, panguza, toka. Na ndugu zangu Waislamu, tunaotia udhu kwenye sinki kabla ya Alfajiri: tukimaliza, tuchukue karatasi tukaushe ukingo na sakafu. Mtu akiteleza kwa maji ya udhu wetu, tumeharibu jambo zuri tulilokuwa tukijiandalia.

Anayetaka kulala, na alale bila haya. Ajue tu kwamba launji nyingi hazitangazi ndege kwa vipaza sauti, na ni juu ya abiria kutazama skrini. Tuambie mapokezi, "Niamshe saa kumi na nusu," au mwombe jirani. Ukitega kengele ya simu, iweke mfukoni itetemeke, uamke wewe peke yako.

Wenye watoto wasione aibu. Mpe mtoto nafasi ya kutembea ukumbini kabla hamjaketi, na umchagulie mchezo usio na muziki. Nasi wengine tumvumilie, kwani hakuchagua kusafiri usiku.

Na wahudumu? Tuite dada au kaka, inatosha. Kupigiwa mluzi na kuchezewa vidole humvunja moyo hata aliyezoea. Anayefuta meza amesimama tangu jioni, na sahani zikiwekwa pamoja pembeni humpunguzia safari mbili.

Pia tusaidieni kusema. Mhudumu huogopa kumkosoa abiria, kwa kuwa malalamiko yakiandikwa ni yeye atakayeulizwa. Abiria kwa abiria huelewana upesi. Maneno "Samahani ndugu yangu, kuna aliyelala hapa" yametosha mara nyingi mbele ya macho yangu, hasa yakisemwa taratibu na bila kumwaibisha mtu. Na wewe ukiambiwa, pokea.

Dawa bora kuliko zote niliyoiona ni ya kwetu wenyewe. Ukiingia, kabla ya kuketi, wasalimie wa kulia na wa kushoto. Uliza wanaelekea wapi, wametoka safari ndefu au fupi. Ni sekunde chache tu, kisha kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Wale waliosalimiana utawaona baadaye wakilindiana mizigo, wakiamshana, wakipunguza sauti bila kuombwa. Ni vigumu kumkosesha usingizi mtu uliyemuuliza hali.