Mwandishi Chipukizi Anahitaji Wasikilizaji

Mwaka 1888, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, lilianza kuchapwa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Mwaka mmoja kabla yake kilikuwa kimetoka kitabu ambamo vijana wa Kiungani, wengi wao wakiwa wameokolewa katika utumwa, walisimulia jinsi walivyotekwa na njia walizopita hadi kufika pwani. Bwana A. C. Madan ndiye aliyezikusanya habari hizo na kuzitia katika Kiingereza. Vijana wale hawakuwa waandishi wenye sifa. Walichokuwa nacho ni habari ya kweli, na mtu aliyekuwa tayari kuisikia mpaka mwisho.

Chuo hicho kilihamia bara mwaka 1925, kikapata makao mapya Minaki, Kisarawe. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Kisarawe ni nchi ya mikorosho na mihogo tu, na kwamba kazi ya kalamu ni ya Dar es Salaam au ya Unguja Mjini. Sivyo. Visiwa na bara ya karibu vimekuwa vikipeana kalamu kwa muda mrefu, na amana hiyo haifai kuachwa ikaota kutu.

Jirani yake, Kibaha, nayo haina upungufu. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Kaskazini mwa Ulaya, kisha ukakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ndio uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule, chuo cha maendeleo ya wananchi na maktaba ya umma. Kwa hiyo tunapotaka wilaya hizi mbili ziwe na mabaraza ya kusoma kazi za waandishi chipukizi, hatuombi majumba mapya. Tunaomba milango iliyopo ifunguliwe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kusoma hadharani, ilhali kitabu husomwa na mtu peke yake? Jibu ni kwamba mwandishi anayejisomea chumbani anajua alichokusudia, lakini msikilizaji anajua kile tu kilichosemwa. Hadhira ikicheka mahali pa huzuni, mwandishi ametambua kosa ambalo asingeliona kwa mwezi mzima. Wakianza kunong'onezana, ameelewa kwamba sura ile ni ndefu mno. Isitoshe, ushairi wetu tangu asili umekuwa wa kughaniwa. Mizani iliyopungua husikika na sikio kabla ya kuonekana na jicho. Marehemu Mathias Mnyampala alilifahamu jambo hilo alipozieneza ngonjera, nazo zikashika mizizi mashuleni kwa kuwa zilitamkwa mbele za watu.

Miswada mingi ya vijana hufia sandukuni. Soko la vitabu nchini hutegemea sana shule, na mchapaji huogopa kuweka fedha zake katika jina lisilojulikana. Ni kweli kwamba zipo tuzo. Mzee Muhammed Said Abdulla wa Unguja alijulikana kwa riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, baada ya kushinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la miaka ya 1957 na 1958. Katika zama zetu, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na Serikali inastahili shukrani kwa hatua hiyo. Lakini tuzo humpokea yule aliyekwisha kumaliza kazi yake. Ni nani anayemshika mkono yule aliyekwama katika sura ya tatu? Hapo ndipo baraza linapohitajika.

Twapenda kutahadharisha mambo mawili. La kwanza, baraza lisigeuzwe kuwa hafla ya mgeni rasmi. Tumekwisha kuona mikutano ambayo hotuba na utambulisho humeza saa mbili, kisha kijana aliyeandika usiku kucha akapewa dakika tano na kuambiwa afupishe. Kiongozi akija, na aketi pamoja na wananchi asikilize. La pili, vigelegele peke yake havimjengi mtu. Wawepo walimu na malenga wazoefu watakaosema kwa upole, lakini bila kuficha, mahali palipopotoka.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi: siku moja inayojulikana kila mwezi, wasomaji watatu tu, kila mmoja na muda wa kutosha, maswali baada ya kila kazi, na nakala moja ya mswada ibaki maktabani. Kibaha na Kisarawe zaweza kupokezana.

Lipo pia suala la ndugu zetu wa visiwani. Mafia ni wilaya ya Mkoa huu huu wa Pwani, lakini kijana wa Kilindoni anayetaka kufika Kibaha hana budi kuvuka bahari hadi Nyamisati, kisha ashike njia ya nchi kavu. Nauli hiyo haiwezi kuachwa juu ya mabega ya kijana asiye na kazi. Halmashauri zisaidie, au walau baraza lenyewe livuke bahari mara moja kwa mwaka. Unguja na Pemba nazo zialikwe, kwani Kiswahili chao kitatufaa kama vile sikio letu litakavyowafaa.

Tunajua watakuwepo watakaosema kwamba wananchi wanataka maji na zahanati kwanza. Hatubishi. Ila baraza hili halichukui hata bomba moja la maji. Linahitaji ukumbi uliokwisha kujengwa, taa, viti na mlinzi wa kufunga mlango. Maafisa utamaduni na maafisa elimu wa wilaya zote mbili tunawaomba walitazame jambo hili mapema. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Vijana wetu kwao wanapo. Kilichobaki ni kupewa uwanja wa kuchezea.